Wingu Kwenye Mkanda

Hamidi hakujua kukaa. Tuliishi kambi moja miezi minane, mimi jikoni na yeye kwenye dawa zake za picha, na sikuwahi kumwona akimaliza kikombe cha chai ameketi. Hupiga funda moja, akasimama, akaenda kutazama njia kana kwamba kuna mgeni anamngoja. Akirudi chai imepoa, na lawama ni za mpishi. Mpishi ndiye mimi, Mrisho, na lawama ya chai ya baridi siipendi hata leo. Siku moja nilimwambia kwamba hata mbwa huzunguka mara tatu kisha akalala. Alicheka, akasema yeye bado yuko kwenye mzunguko wa pili, akaondoka.

Kwao ni Mpwapwa. Babu yake alipanda na misafara kutoka pwani na mzigo wa nguo kichwani, akaugua miguu, wenzake wakamwacha, akaoa hapo akabaki. Hamidi mwenyewe bahari hajaiona hata kwa ndoto, lakini kwa Wagogo alikuwa mtu wa pwani tu, basi. Kazi alijaribu zote. Alishona kanzu, akaacha. Alibeba nguzo za simu za Wadachi, hao Wajerumani, akaacha. Alichuuza chumvi ya Bahi mpaka punda wake akafa, naye akaona afadhali. Kitu kimoja tu hakukiacha, nacho ni mke wake, Stara, binti wa Kigogo wa kijiji kilicho kando ya Gulwe. Jina la Stara alipewa siku ya ndoa. La kwao mama yake ndiye aliyeendelea kulitumia, kwa makusudi.

Mama huyo, tuliyemwita Mama Stara, hakumpenda mkwe wake. Hakuficha. Mwanamume aliyeoa kwa majora ya nguo wala hana hata ndama wa kuchunga, kwake alikuwa mpita njia aliyelala na kusahau kuondoka. Na Hamidi, aliyejifanya hajali la mtu, hilo lilimla. Kila akitoka kijijini aliniuliza kama nimesikia Mama Stara amesema nini juu yake. Mimi najuaje, nami nakaanga vitunguu?

Reli ilipofika Gulwe, akaja Mdachi mmoja wa kupiga picha za madaraja na vituo, ili wakubwa wake huko kwao waone fedha yao inakwenda wapi. Tulimwita Bwana Kipenga, maana hakuita mtu kwa jina. Alipuliza kipenga tu. Mimi alinichukua nipike. Hamidi alimchukua asafishe picha, kwa kuwa siku ya kwanza tu alimwona anavyoosha chupa bila kuvunja hata moja.

Kazi hiyo niliiona mara nyingi, maana bakuli zilikuwa zangu. Bakuli langu la kukandia mkate lilikwenda siku ile ile, nikaambiwa lisirudi jikoni, lina sumu. Mkanda wa picha hausafishwi mwangani. Mwanga ukiugusa kabla ya dawa, kwisha habari yake. Hamidi aliingia gizani na taa ndogo ya kioo chekundu, akaukunjua mkanda, akaushika ncha zote mbili, akaupitisha kwenye dawa, mkono huu unapanda na ule unashuka, bila kupumzika. Muda aliupima kwa wimbo wa wapagazi alioachiwa na babu yake. Wimbo ukiisha mara nne, picha imeiva. Ukiisha mara tano, imeungua. Kisha maji, kisha dawa ya pili ya kuikaza picha isiendelee kubadilika, kisha maji tena, mengi mno. Nadhani ndiyo kazi pekee duniani iliyomfaa, kwani mikono haikutakiwa kutulia.

Adui yake alikuwa joto. Maji yakiwa vuguvugu, ile ngozi nyembamba iliyobeba picha hulainika, ikateleza kama utando wa maziwa. Na mwaka ule joto lilikuwa la kuchoma. Mvua zilipaswa kuanza, hazikuanza. Mto Kinyasungwe ulikuwa mchanga mtupu. Wanawake walichimba mashimo humo mpaka kiunoni wapate maji ya tope. Hamidi aliyatuliza kwa shabu, kama bibi yake alivyokuwa akifanya, akayapooza kwenye mitungi. Lakini ndani ya hema la Bwana Kipenga, saa nne ya asubuhi, hata mtungi ulitoa jasho. Mikanda miwili iliharibika, na Bwana Kipenga alitaja hamsa ishirini. Viboko ishirini na tano Mdachi hakuvitaja kwa mzaha.

Basi Bwana Kipenga akazunguka kijijini akitafuta giza lenye baridi, akaingia kwenye tembe moja. Mnaijua tembe ya Kigogo: nyumba fupi, paa la udongo, haina dirisha, na ndani yake kuna chumba cha mwisho ambako hata adhuhuri mtu hutembea kwa kupapasa. Akatoka anatabasamu, akaonyesha kwa fimbo. Kilikuwa chumba cha ndani cha Mama Stara.

Hamidi aliniambia baadaye kwamba bora angechagua viboko. Kwa Wagogo mkwe ni kitu kizito. Mwanamume hakanyagi chumba cha ndani cha mama wa mke wake. Hamtazami usoni, hali mbele yake, na akiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa katikati. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Sasa huyu, ambaye tayari hakupendwa, ati akasimame katikati ya vilindo vya mama mkwe, yale mapipa ya magome ya kuwekea mtama, mikono imelowa dawa inayonuka. Lakini amri ya Mdachi ilikuwa amri, na Mama Stara alilijua hilo kuliko sisi. Wakapanga kwa kinywa cha Stara. Hamidi atakohoa mara tatu nje ya ua. Mama atatoka kwa mlango wa zizini, ameipa nyumba mgongo. Akimaliza, atakohoa tena.

Yakaenda hivyo wiki mbili, kikohozi asubuhi na kikohozi adhuhuri. Kijiji kizima kilicheka. Wakamtania kwamba ana kifua kikuu cha ukwe.

Siku moja Bwana Kipenga alipiga picha za kijiji chenyewe: milima, ng'ombe, watu wamesimama mbele ya tembe. Hamidi aliusafisha mkanda vizuri, akautundika kwenye boriti karibu na mlango ukauke, maana nje vumbi lilikuwa linatembea. Akakohoa, akatoka kwenda kuswali. Mama Stara akarudi ndani. Mlango ulikuwa wazi, mwanga unapita kwenye mkanda, naye akasimama akautazama.

Asiyejua mkanda wa picha na ajue hili: kabla haujapigwa chapa kwenye karatasi, mambo yote humo yamegeuka. Cheupe ni cheusi, cheusi ni cheupe. Anga la mchana mkali, lisilo na hata kipande cha wingu, kwenye mkanda linakaa jeusi tii, zito, limelala juu ya milima. Na kwa Wagogo weusi ndiyo rangi ya mvua. Kondoo wa kuombea mvua ni mweusi, na nguo anayovaa mwombaji ni nyeusi. Mama Stara aliiona milima yake mwenyewe, anaijua tangu utoto, na juu yake anga ambalo alikuwa akilingoja miezi. Watu aliwaona weupe, akasema wamelowa ndiyo maana wanang'aa. Mimi simcheki. Ningekuwa na njaa ya watoto wa watu mgongoni, ningeona hivyo hivyo.

Jioni Stara alikuja kambini. Mama yake anauliza, je, hilo wingu la kwenye mkanda ni la kweli. Nilikuwepo, nakuna nazi ya mwisho tuliyoletewa na treni. Nilimwona Hamidi akifungua kinywa kusema lililo sawa, kisha akakifunga. Tangu amuoe Stara, mama mkwe hajawahi kumuuliza jambo. Ilikuwa mara ya kwanza anaulizwa kama mtu mwenye elimu.

"Mwambie mkanda hausemi uongo," alisema.

Nilimtupia jicho. Akageuka, akaanza kufuta taa ambayo ilikuwa safi.

Asubuhi yake alikuta kibuyu cha maziwa mlangoni mwa chumba cha giza. Aliyanywa yote kwa mara moja, na wallahi siku hiyo nilimwona ameketi. Alikaa mpaka alipotazama bondeni akamwona Mama Stara na jembe. Anapanda.

Kupanda kavu si ujinga. Wakulima wa huku hufanya, wakiwa na hakika mvua ni ya kesho au keshokutwa. Mbegu inafukiwa vumbini, inangoja. Lakini mvua ikichelewa, mchwa na panya na joto hawabakizi kitu. Na mbegu ile haikuwa ya mtu mmoja. Mwaka uliotangulia ulikuwa mbaya, na katika vilindo vya Mama Stara ndimo ilimowekwa mbegu yote ya mtama iliyosalia kwa nyumba tatu: yake, ya kaka yake, na ya Zipora, mjane aliyebatizwa na wamisheni wa Mpwapwa, mwenye watoto wanne. Mama Stara alikuwa na mikono mepesi ya kupanda kuliko wote, wakamwachia. Hiyo ikipotea, msimu umepotea. Mvua ije isije, hakuna cha kupanda.

Kuanzia hapo Hamidi akawa kero. Alikwenda na kurudi. Alitazama juu, anga jeupe kama sahani, akatema mate, akatazama bondeni. Chakula hakukigusa. Aliunguza mkanda mmoja kwa sababu aliuimba wimbo mara tano bila kujua. Siku ya tatu alimtuma Stara akamwambie mama yake aache, mkanda umegeuka. Stara alikwenda, akarudi amevimba kwa hasira. Mama yake amesema mume wa pwani anamwonea wivu hata kwa mvua, leo anasema hivi, kesho vile, na yeye Stara asiwe mdomo wa mtu asiye na msimamo.

Siku ya nne akanituma mimi. Mimi, Mrisho, mtu wa vitunguu. Nikavaa kofia yangu safi nikashuka shambani, nikamwamkia Kigogo, mbukwa, akaitika vizuri. Nikaeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameegemea jembe, kisha akasema ya kwamba neno la mkanda lilitoka kwa anayeingia gizani, na la kuutangua litoke huko huko. Mpishi arudi kwenye chungu chake. Nikarudi. Nilimwambia Hamidi ukweli: ulilolikoroga ni lako, ulinywe, na fungu la Zipora lilishapandwa siku ya kwanza kabisa, kwa kuwa Mama Stara huanza na cha mwenzake kabla ya chake. Lililobaki atalipanda kesho.

Na kesho yake ndiyo siku tuliyotakiwa kuhama. Bwana Kipenga alikuwa anaelekea Dodoma, kambi ivunjwe kabla ya adhuhuri.

Alfajiri Hamidi alikuja jikoni na wazo, na macho mekundu. Atapiga chapa. Karatasi za Bwana Kipenga zilikuwa zile za jua: unaibana karatasi na mkanda kwenye kioo, unaianika, na picha inajichora yenyewe unaiona kwa macho. Juu ya karatasi anga litatoka jeupe, kama lilivyo. Mama mkwe ataona kwamba wingu halipo. Nilimuuliza karatasi ataipata wapi. Alikuwa ameshaichukua sandukuni, na mkanda pia. Hamsa ishirini, nikamwambia. Akasema anajua kuhesabu.

Jua lilipochomoza akaianika nyuma ya jiko langu. Ilimtoka safi: milima, ng'ombe weusi, watu weusi, anga jeupe pe. Ilibaki kuitia kwenye ile dawa ya pili, ya kuikaza, na kuiosha. Dawa ilikuwa imekwisha fungwa kwenye masanduku, wapagazi wanayakaza kamba. Bwana Kipenga alikuwa anapuliza. Hamidi aliiweka karatasi kifuani chini ya kanzu, akashuka bondeni mbio, nami nyuma yake, sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kuona kwa macho yangu kwamba ameisema.

Tulimkuta Mama Stara ameinama, kikapu cha mbegu kiunoni, Stara anafukia nyuma yake. Hamidi hakukohoa. Hakutafuta mtu wa kumsemea. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele yake, akapiga magoti, akamnyooshea karatasi kwa mikono miwili. Stara aliziba uso kwa aibu. Mama mkwe alishtuka, akageuza shingo, kisha macho yakamshinda akaitazama karatasi. Akaipokea.

Kwanza aliona sawasawa. Aliwaona ng'ombe wake weusi, akamtaja mmoja kwa jina. Aliona anga jeupe. Nilimwona anaanza kuelewa. Mkono uliokuwa kikapuni ulisimama. Hamidi alikuwa anamweleza kwa pumzi fupi fupi, kwamba hili ndilo anga la siku ile na lile la mkandani ni kinyume chake.

Lakini karatasi ile haikukazwa, na tulikuwa tumesimama kwenye jua kali. Ikaanza kubadilika mkononi mwake. Lile anga jeupe likaingia rangi ya hudhurungi, kisha zambarau, kisha likazidi kukolea, taratibu, kutoka pembeni kuja kati, mpaka milima ikamezwa.

Mama Stara aliinua uso. Nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima ana furaha namna ile.

"Tazama," alisema, "linakuja."

Akatia mkono kikapuni, akachota.

Hamidi alimshika mkono. Ndiyo, alimshika mkono mama mkwe wake, mchana, mbele ya mke wake na mbele ya mpishi. Stara alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Na hapo Hamidi akayasema, akimtazama usoni.

"Mama, hakuna wingu. Karatasi inaungua na jua tu. Nilijua siku ile ile uliyouliza, nikakudanganya, kwa sababu nilitaka unione mtu."

Mama Stara hakuuchomoa mkono wake. Alimtazama huyu mtu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akamtazama kuanzia paji la uso mpaka magoti. Nafikiri ndipo alipoamini, maana mwanamume hawezi kujivua nguo kiasi hicho kwa ajili ya uongo.

"Siku tano nimeinama," alisema. "Ulikuwa wapi?"

Akamjibu alikuwa kule juu kambini, anamwangalia.

Mama Stara akafungua kikapu kiunoni, akamimina mbegu zilizobaki kwenye nguo ya Stara, akamwamuru azirudishe ndani. Kikapu kitupu akakiweka mbele ya magoti ya Hamidi.

"Zitoe," alisema.

Akaanza kuzitoa. Shimo moja, vidole vinne ndani ya vumbi, punje tano au sita za mtama, kikapuni. Shimo la pili. Mama mkwe alitangulia akimwonyesha kwa mpini wa jembe, kwani yeye peke yake alijua alikopanda. Juu kambini kipenga kililia mara mbili, kikalia tena, kikalia mpaka kikachoka. Hamidi hakuinua kichwa. Hiyo ilikuwa kazi yake imekwenda, na mshahara wa miezi miwili, na kama Mdachi angegundua karatasi, mgongo wake pia. Nami nikajikuta nimeinama kwenye mstari wa pembeni, na kofia yangu safi, natafuta punje.

Mistari ya karibuni ilirudi karibu yote. Ya juzi ilipungua. Kadiri tulivyorudi nyuma kwenye siku, ndivyo mashimo yalivyotoa kidogo zaidi, punje tatu, punje moja iliyotobolewa. Tulipofika mistari ya siku ya kwanza, mchwa walikuwa wametutangulia. Hamidi alifukua, akakuta udongo laini uliosagwa. Akafukua lililofuata, udongo. Nilimwambia aache, humo hamna kitu. Hakuniacha nimalize. Alizidi kufukua, kwa haraka, kucha zinatoka damu, shimo baada ya shimo, na Mama Stara alikuwa anaendelea kumwonyesha kwa mpini bila kuruka hata moja.

Zipora alikuja wakati huo. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba mbegu zinafukuliwa, akaja na chungu kidogo na mtoto wake mkubwa ili asaidie. Aliwaamkia watu wote, akamwamkia na Hamidi. Kisha akauliza kwa upole, mistari yake yeye ni ipi.

Mama Stara alinyoosha mpini wa jembe, ukaishia pale Hamidi alipokuwa amepiga magoti.